Sumu Tuliyoiita Dawa: Siha ya Mkulima na Dhima Yetu

Ama baad. Liko swali ambalo kwa dhahiri yake ni la wakulima, lakini kwa undani wake ni letu sisi watu wa mji. Mtu ana shamba lake Kwale au Kilifi, na yeye mwenyewe akaa hapa Mikindani, au Changamwe, au Kisauni. Humwajiri kibarua ampulizie miembe na mboga zake dawa ya wadudu. Jioni ile ile kibarua hulalamika kichwa, macho na kifua. Je, mwenye shamba ana dhima yoyote juu yake, au ujira aliompa ndio mwisho wa maneno?

Hatuwezi kulijibu swali hili kabla ya kukijua kitu chenyewe kinachopulizwa, na namna kinavyoingia mwilini, na ni nani ajuaye khatari yake na nani asiyeijua. Mwenye kulihukumu jambo asilolifahamu hujidhulumu nafsi yake na humdhulumu aliyemwuliza. Basi tutakwenda hatua kwa hatua, na jibu litakuja mahali pake, inshallah.

1. JINA NA KITU CHENYEWE

Lugha yetu imetutendea hapa jambo la kutafakari. Neno dawa tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ni kitu cha kuponyesha. Twasema dawa ya homa na dawa ya tumbo. Kisha, kwa neno lilo hilo, twasema dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya wadudu na dawa ya magugu. Kwa jina moja tumekusanya kitu kimponyacho mtu na kitu kimwuacho. Waarabu wenyewe hawavichanganyi viwili hivi. Sumu za wadudu wao huziita mubidat, yaani vitu vya kuangamiza.

Huenda msomaji akasema: jina lina madhara gani? Twamjibu ya kuwa lina madhara makubwa. Mwenye kudhani kuwa ameshika dawa huikoroga kwa mkono mtupu, na mwenye kujua kuwa ameshika sumu hutafuta glavu. Mwenye kudhani kuwa chupa ile ilikuwa na dawa huisuuza akatilia mafuta ya taa, au maji ya kunywa, na mwenye kujua kuwa ilikuwa na sumu huitoboa ili asiitumie mtu mwingine. Mafakihi wametufundisha ya kuwa hukumu hufuata maana ya vitu, wala haifuati majina yake. Mvinyo ukiitwa sharubati hauwi halali, na sumu ikiitwa dawa haiachi kuua.

Wala tusidhani ya kuwa sumu hizi ni za wadudu peke yao, na kwamba mwanadamu hudhurika kwa bahati mbaya tu. Mwaka 1936 mtaalamu wa kemia wa Kijerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta kitu cha kuulia wadudu wa mimea. Alichokipata kilikuwa kikali hata majeshi ya nchi yake yakakichukua kuwa silaha ya vita, nacho ndicho kiitwacho tabun. Jamaa ya sumu ile, ambayo wataalamu huiita oganofosfeti, ndiyo iliyotoa dawa nyingi zilizouzwa madukani kwa wakulima tangu zama hizo. Ukali wake umepunguzwa, lakini njia yake ya kumdhuru kiumbe ni ile ile.

2. NAMNA SUMU INAVYOINGIA MWILINI

Watu wengi hudhani ya kuwa sumu haimdhuru mtu illa akiinywa. Dhana hii ndiyo iliyowaponza wengi. Sumu za shambani zina milango mitatu: kinywa, pumzi na ngozi, na kwa mwenye kupuliza, mlango ulio mpana kabisa ni ngozi.

Mtazame mwenye kubeba bomba mgongoni. Bomba likivuja, maji ya sumu humteremkia kiunoni na mapajani. Upepo wa kusi au wa kaskazi ukigeuka, ukungu wa dawa humrudia usoni. Jua la pwani humtoa jasho, na ngozi yenye joto na jasho hupokea sumu upesi kuliko ngozi kavu. Viungo navyo havilingani: wataalamu walipopima waliona ya kuwa ngozi ya sehemu za siri za mwanamume hupokea baadhi ya sumu hizi zaidi ya mara kumi kuliko ngozi ya mkono. Kwa hivyo nguo iliyolowa kiunoni, ambayo mfanyakazi huiona kuwa ni taabu ndogo ya kazi, ndiyo inayomnywesha sumu saa baada ya saa.

Kisha huja mlango wa kinywa bila ya mtu kukusudia. Huvuta sigara au hula muhogo kwa mkono ule ule ulioshika dawa, na mdomo wa bomba ukiziba huupuliza kwa mdomo wake. Na akirudi nyumbani hurudi na sumu nguoni. Mkewe huifua nguo ile pamoja na nguo za watoto, na mtoto mchanga humrukia babake kabla hajaoga. Mtoto ana mwili mdogo, na kiasi ambacho kwa mtu mzima ni kichefuchefu, kwake huweza kuwa mauti.

3. MARADHI YA UPESI NA MARADHI YA KUKAWIA

Katika mwili wa mwanadamu mishipa ya fahamu hupelekeana amri kwa kitu maalumu, na amri ikisha kufika, kimeng'enya hukifuta kitu kile ili kiungo kitulie. Oganofosfeti, na jamaa yake iitwayo kabameti, hukizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Amri zikawa hazifutiki, na viungo vikawa haviachi kutenda. Ndipo mtu hutokwa na mate, machozi na jasho kwa wingi, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano, tumbo likamsokota, akatapika na kuharisha, misuli ikatetemeka, kifua kikambana, na asipowahiwa, pumzi hukatika.

Twaomba hapa wasomaji wetu watusikilize vizuri. Dalili hizi za kutetemeka, kutokwa na povu na kupotewa na fahamu, wako katika watu wetu wanaozifasiri kuwa ni pepo au kijicho. Mgonjwa hupelekwa kwa mganga akafukizwa, na saa zile zinazopotea ndizo saa zake za kuokolewa. Katika hospitali iko dawa iitwayo atropini, iliyo maarufu kwa matabibu, ambayo hupambana na sumu hii ikitolewa mapema. Kuzitafuta sababu alizoziumba Mwenyezi Mungu ni katika dini, na kuziacha ukafuata kombe na ubani ni kuitupa amana ya roho ya mtu.

Maradhi ya kukawia ni mazito zaidi kwa sababu hayana ukelele. Mtu hakuanguka shambani, miaka ikapita, ndipo afya yake ikaanza kuharibika, na hapana anayekumbuka bomba. Wataalamu wameona uhusiano baina ya baadhi ya sumu hizi na maradhi ya kutetemeka yaitwayo Parkinson, na saratani za damu na tezi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka malathion na diazinon katika daraja ya vitu ambavyo yamkini huleta saratani kwa binadamu. Katika daraja hiyo hiyo liliiweka glyphosate, ambayo ni dawa ya magugu, ingawa mamlaka za nchi kadhaa hazikukubaliana nalo juu ya hiyo ya mwisho.

Na liko jambo ambalo wanaume hawapendi kulisikia. Mwaka 1977, huko California, wafanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza dawa ya minyoo ya ardhini iitwayo DBCP walianza kuulizana kwa nini wake zao hawashiki mimba. Walipopimwa, wengi walionekana mbegu zao za uzazi zimepungua mno au zimekatika kabisa. Dawa hiyo hiyo ilikuwa ikipelekwa katika mashamba ya migomba ya Amerika ya Kati, na huko pia wafanyakazi waliondokewa na uzazi. Ni wanaume wangapi katika sisi, wakikosa mtoto, huwatupia lawama wake zao bila ya kujiuliza mikono yao ilishika nini?

4. USHAHIDI WA NCHI ZETU

Atakayesema ya kuwa hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, tutamletea ya hapa kwetu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini ya Tanzania ulionyesha ya kuwa asilimia 68 ya waliohojiwa walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupuliza dawa. Walitaja maradhi ya ngozi, kizunguzungu na kuumwa na kichwa. Kiasi cha thuluthi yao walikuwa wakichanganya dawa zaidi ya moja katika bomba moja. Na asilimia 61 walisema hawakutumia fedha yoyote kujitibu kwa madhara ya dawa hizo. Yaani waliumwa, wakanyamaza, wakarudi kazini.

Katika Kenya, wachunguzi wa miaka ya 1990 waliwapima damu wafanyakazi wa mashamba ya Naivasha, Wundanyi, Homa Bay na Migori, wakaona ya kuwa kile kimeng'enya tulichokitaja kimepungua nguvu kwa wenye kufanya kazi na sumu hizo. Wundanyi si mbali nasi. Ni katika milima ya Taita, na mboga za Taita huteremka mpaka masoko ya Mombasa. Basi mchicha na kabeji tunazozinunua Kongowea zina nyuma yake kifua cha mtu.

5. MFANO ULIO MLANGONI PETU

Kama liko jimbo ambalo watu wake hawana udhuru wa kutolifahamu jambo hili, ni letu. Hapa hapa Mikindani, katika kijiji cha Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Kilianza kazi mwaka 2007 na kikafungwa mwaka 2014. Risasi si dawa ya wadudu, lakini mwendo wa sumu ni mmoja: vumbi na moshi hutoka kazini, hukaa katika nguo, katika mabati ya nyumba na katika maji, kisha humwingia asiyekuwa na ujira wala faida yoyote katika kazi ile. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aliona mtoto wake mchanga akiugua, na kipimo kikaonyesha risasi katika damu yake. Ndipo akasimama kuitetea haki ya wanakijiji, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Wanakijiji walikwenda mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwahukumia fidia ya shilingi bilioni 1.3, Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu miaka: tangu kiwanda kuanza mpaka hukumu ya mwisho ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa siku ile moshi ulipotoka mara ya kwanza alikuwa karibu mtu mzima haki iliposemwa. Na fidia, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kuitoa risasi katika mifupa.

Mafunzo yake kwa mkulima ni haya. Sumu ya polepole haimwamshi mtu. Wanaodhurika kwanza ni watoto. Na sheria, hata inaposhinda, hufika baada ya mwili kwisha kuharibika. Kwa hivyo kinga haingojei hakimu.

6. MADAI YA WENYE KUPINGA

Wako wasemao: "Wazee wetu walipuliza wasife." Twawauliza: wazee wetu walipuliza nini? Nguvu ya DDT ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939, na Paul Müller aliyeigundua akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Nayo, baada ya kusifiwa hivyo, ilibanwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 isitumike ila kupambana na wadudu wenye kueneza maradhi, kama mbu wa malaria. Wazee wa wazee wetu hawakuziona sumu hizi. Na waliopuliza wakafa kwa maradhi ya kukawia, ni nani aliyeandika sababu ya mauti yao?

Wako wasemao: "Mlinzi ni Mungu." Ni kweli, hapana mlinzi ila Yeye. Lakini kutawakali si kuziacha sababu. Anayepanda mashua hutazama kama imekalafatiwa kisha hutawakali. Hapandi mashua yenye tundu akasema amejikabidhi kwa Mola wake.

Na wako wasemao: "Tusipopuliza, wadudu watakula mazao na watu watalala na njaa." Hawa wana neno, wala hatuwapingi kwa jumla. Hatusemi ya kuwa kila dawa ni haramu. Twasema ya kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake. Mara nyingi mtu hupuliza kwa mazoea tu, bila hata ya kumwona mdudu. Ziko njia zilizo nyepesi zaidi: kubadilisha mazao katika shamba, kung'oa mimea iliyougua, kuokota viwavi kwa mkono katika bustani ndogo, na mbegu za mwarobaini zikitwangwa na kurowekwa, kwani ndani yake mna kitu kinachowazuia wadudu wengi wasile wala wasikue. Mti huu umejaa pwani yetu, na sisi twaukata kuni.

7. JIBU LA SWALI

Sasa twaweza kulijibu. Kwa tuonavyo sisi, ujira haumtoi mwenye shamba katika dhima. Kibarua ameuza kazi ya mikono yake; hakuuza mapafu yake wala uzazi wake. Mwenye shamba aliyenunua sumu, akajua au akaweza kujua khatari yake, kisha akamkabidhi mtu asiyejua kusoma karatasi ya chupa bila ya kumweleza na bila ya kumpa cha kujikinga, huyo amemghuri mwenziwe. Na sharia haikuruhusu mtu kumdhuru mwingine hata kwa ridhaa ya njaa yake. Sheria ya nchi nayo yasema vivyo hivyo: sheria mbili za Kenya za mwaka 2007, ile ya usalama na afya kazini na ile ya fidia ya kuumia kazini, zimemlazimisha mwajiri kuwakinga wafanyakazi wake na kuwalipa wakiumia au wakiugua kwa kazi.

Muuzaji ana dhima yake. Anayeimimina sumu kutoka chombo chake kikubwa akaiuza katika chupa ya soda isiyo na jina, na yule apitaye mitaani na kipaza sauti akinadi dawa ya panya na kunguni katika vikaratasi visivyo na maandishi, wamefanya ghishi. Aibu ya bidhaa ni wajibu kubainishwa. Na ni aibu gani iliyo kubwa kuliko mauti?

Serikali ina dhima yake. Kenya ina sheria ya dawa hizi tangu mwaka 1982 na bodi ya kuzisimamia. Lakini mwaka 2019 bado ilibidi Mbunge Gladys Shollei apeleke ombi bungeni ziondolewe zile zilizokatazwa Ulaya na huku zikiuzwa kwetu, na mwaka 2025 ndipo serikali ilipotangaza kuziondoa baadhi yake. Nchi inayokataza sumu kwao na kuiuzia nchi nyingine yajua itendalo. Na inayonunua haina udhuru wa kutojua.

Na sisi wanunuzi tuna dhima yetu. Twataka nyanya isiyo na doa na sukuma wiki isiyo na tundu, na kwa bei ya jana. Mkulima husikia, akapuliza Alkhamisi, akavuna Ijumaa. Tundu moja la kiwavi katika jani ni dalili ya kuwa kiumbe amelila akaishi.

8. MAMBO YA KUTENDA

Tumeyafupisha ili yaweze kusomwa katika madrasa na barazani.

Kwanza, tazama ukanda wa rangi katika chupa: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha manjano, kisha buluu, na kijani ndiyo iliyo hafifu. Asiyejua kusoma asomewe.

Pili, mwenye kupuliza avae glavu za mpira, viatu vya mpira, nguo ya mikono mirefu, na kinga ya macho na pua. Apulize asubuhi mapema, upepo ukiwa mgongoni, wala asile wala asivute sigara mpaka aoge kwa sabuni. Nguo zake zifuliwe peke yake.

Tatu, ziangaliwe siku za kungoja zilizoandikwa baina ya kupuliza na kuvuna.

Nne, chombo kilichokwisha kisuuzwe mara tatu, maji yake yarudishwe katika bomba, kisha kitobolewe. Kisitiwe maji, maziwa wala mafuta. Na sumu iliyobaki ifungiwe kwa kufuli, mbali na watoto na mbali na mtu mwenye dhiki ya moyo.

Tano, mtu akidhurika, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali mbio pamoja na ile chupa, ili tabibu ajue ni sumu gani. Asilazimishwe kutapika, wala asipewe maziwa kwa kudhani kuwa yataikata sumu.

Sita, na hili ni lenu, enyi wenye mashamba: kabla ya kumpa kibarua bomba, jiulize kama ungelimpa mwanao. Ikiwa moyo wako umesita, basi umekwisha kupata fatwa yako bila ya kutuuliza sisi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape siha wanaotulisha, na atupe sisi insafu ya kuwatendea kama tupendavyo kutendewa. Wabillahi taufiki.